Sufuria ya kuchemshia bia nyumbani: alumini nene, chuma cha pua au pipa?

Sufuria yangu ya kwanza ya bia siku hizi kazi yake ni kulowekea mtama. Iko nyuma ya nyumba, Nkuhungu, imefunikwa kwa ungo, na bado inang'aa kama siku niliyoinunua. Ni ya chuma cha pua, lita 32, zile ambazo muuzaji huzigonga kwa kidole ili usikie zinavyolia. Siku ile nilijiona nimelamba dume. Mara ya tatu kuitumia, shangazi yangu alikuwa amekuja kutoka Mvumi, akanikuta nakwangua duara jeusi katikati ya kitako, kubwa kama kisahani cha chai, na uani kote kunanuka uji ulioungua. Akachungulia ndani, akasema, "Mwanangu, hii si ya kupikia. Hii ni ya kujitazamia."

Shangazi alianza kupika ujimbi, pombe yetu ya mtama, kabla sijazaliwa: wa harusi, na wa siku ambazo majirani wanakuja kusaidiana kulima. Sufuria yake ni ya alumini nene, nyeusi nje, kijivu ndani, ina masikio mawili yaliyopigwa ribiti, na haing'ai popote. Ilinichukua miaka miwili na sufuria nyingine mbili kuelewa alikuwa anaangalia nini. Kama unataka kuanza kupika bia nyumbani hapa Dodoma na umesimama dukani hujui uchukue ipi, haya yafuatayo yatakupunguzia gharama.

Niseme tu mapema: nazungumzia pombe ya kunywa mwenyewe na wageni wako. Ukitaka kuuza, hiyo ni habari ya leseni. Na gongo ni kosa kisheria, hata uipikie sufuria ya dhahabu.

Kwanza, unachemsha nini?

Swali hili ndilo linaloamua karibu kila kitu, na maelekezo mengi yanayosomwa mtandaoni hayaliulizi kabisa kwa sababu yameandikwa Marekani au Uingereza. Marekani watu wamekuwa wakipika bia majumbani kwa uhuru tangu sheria aliyoisaini Rais Jimmy Carter mwaka 1978, kwa hiyo uzoefu wanao. Lakini wanapika shayiri, juu ya jiko kubwa la gesi lenye moto mpana, au kwa umeme usiokatika. Ushauri wao ni sahihi kwa jiko lao.

Bia ya shayiri ni hivi: kimea kilichosagwa nusunusu kinalowekwa kwenye maji ya nyuzi 65 hivi kwa muda wa saa moja, kisha kinachujwa. Machicha unampa mwenye ng'ombe au kuku. Kinachobaki ni maji matamu, mfano wa togwa nyepesi isiyo na unga, na hayo ndiyo yanayochemshwa pamoja na hopsi, maua yanayoipa bia uchungu wake, saa nzima au zaidi. Maji hayo yana tabia nzuri. Ya chini yakipata moto yanapanda, ya juu yanashuka, yanajikoroga yenyewe. Hata sufuria nyembamba inayamudu.

Mtama ni mwingine. Wanga wake haulainiki vizuri kwenye nyuzi 65. Unataka kuanzia 68 hadi karibu 78, kwa hiyo lazima unga, au sehemu yake kubwa, uupike uwe uji kwanza, uupoze kidogo, ndipo kimea kiingie kuufanya mtamu. Uji mzito haujikorogi. Joto likipenya kitakoni linabaki palepale, unga wa chini unaganda, unakauka, unaungua, na wewe huku juu unaona uji mweupe umetulia. Ukisikia harufu, imekwisha. Ladha ya kuungua haitoki kwa kuchuja wala kwa hamira. Nilijaribu.

Kwa hiyo kama mpango wako ni shayiri tu, au kimea cha maji kilichokwisha kutengenezwa, una uhuru mkubwa wa kuchagua. Kama ni mtama au uwele, na kwa kweli ukikaa Dodoma utaishia huko kwa sababu mtama wa Macia na Tegemeo unaupata kwa debe wakati shayiri unaiagiza kutoka mikoa ya kaskazini, basi kitako cha sufuria ndicho unachonunua. Mengine ni mapambo.

(Ukiotesha mtama mwenyewe, kausha kimea kisha kipukuse machipukizi na vimizizi vyote kabla ya kusaga. Vina kitu kinachozalisha sumu ya sianidi. Wazee hawakulijua jina lake, ila kimea walikipukusa.)

Alumini na chuma cha pua, kitako kwa kitako

Alumini inapitisha joto zaidi ya mara 10 ya chuma cha pua. Moto wa mkaa ukipiga katikati, alumini inausambaza hadi pembeni, wakati chuma cha pua kinauacha ulipopiga. Lile duara jeusi la sufuria yangu lilikuwa ramani kamili ya mkaa uliokuwa chini yake. Shaba inazipita zote mbili, ndiyo maana viwanda vya zamani vya Ulaya vilipikia shaba, na Waingereza mpaka leo huliita pipa la kuchemshia la kiwandani "shaba" hata likiwa la chuma cha pua tupu. Lakini sufuria ya shaba ya lita 30 sijaiona Dodoma, tuendelee.

Chuma cha pua kina ubora wake na sitaki kukionea. Hakijali asidi, kwa hiyo unaweza kuchemshia, kupozea na hata kuchachishia humohumo. Unakisugua utakavyo. Ukikiangusha hakibonyei kirahisi. Na zipo sufuria za chuma cha pua zenye kitako cha tabaka tatu, alumini ikiwa imebanwa katikati ya chuma. Hizo zinasambaza joto vizuri, na kama unazipata za lita 35 na mfuko unaruhusu, nunua, usinisikilize tena. Tatizo ni kwamba kwa bei ya moja unapata mbili au tatu za alumini nene, na zile zinazopangwa mbele ya maduka mengi mjini si hizo. Ni bati jembamba lililong'arishwa.

Utajuaje? Kwa mizani. Chukua sufuria ya upana wa sentimita 36 na kina cha sentimita 30, ambayo ni lita 30 na ushee. Ikiwa ya alumini yenye unene wa milimita 3, itakuwa na kilo tatu na nusu hivi bila mfuniko na masikio. Ya chuma cha pua yenye unene wa milimita 1 ina uzito huohuo. Ya chuma cha pua ikiwa kilo mbili, ujue ina kama nusu milimita, na kwenye mkaa itakufanyia niliyofanyiwa mimi. Duka la vyombo likikosa mizani, muuza vitunguu jirani anayo. Mara ya kwanza watakucheka.

Sumaku pia watu hubeba. Inasaidia kidogo: chuma cha pua kizuri cha vyombo kwa kawaida hakishiki sumaku, au kinashika kidogo kwenye kona. Lakini kuna chuma rahisi kisichoshika sumaku vilevile, na kinapata kutu. Mizani kwanza.

Sasa hofu ya alumini. Wapo watakaokwambia inaleta ugonjwa wa kusahau. Uhusiano kati ya sufuria za alumini na ugonjwa huo haujathibitishwa. Kinachonitia mimi wasiwasi ni kingine, na hakizungumzwi sana: sufuria za kumimina, zinazotengenezwa kwa kuyeyusha vyuma chakavu, vipande vya injini, makopo, na chochote kilichoingia tanurini. Utafiti uliofanyika kwa sufuria za aina hiyo kutoka Kameruni na kuchapishwa mwaka 2014 ulikuta zinatoa risasi, ile metali yenye sumu, kwenye chakula, hasa chenye asidi. Risasi haina kiwango salama mwilini. Sufuria ya kumimina utaitambua: ndani ina chembechembe kama mchanga, ina vitundu vidogo, unene wake haulingani ukipitisha vidole mdomoni. Ya kiwandani, iliyotengenezwa kwa bamba la alumini, ina mistari laini ya duara na mdomo uliokunjwa sawasawa. Nunua ya bamba. Hapo sina mzaha.

Na hata hiyo ya bamba, chemshia tu. Maji ya kimea yana asidi kidogo na yanapita humo saa moja au mbili, hayana madhara ya maana. Pombe iliyochacha, hasa ya mtama inayochachuka kweli, ni jambo jingine. Ikikaa siku mbili kwenye alumini inaila. Ikipoa, hamishia kwenye ndoo ya plastiki ya chakula au mtungi.

Kuhusu enameli, zile zenye rangi na maua: zikidondoka zinabanduka, na palipobanduka panapata kutu. Kwa lita tano sawa. Kwa lita thelathini, hapana.

Usiing'arishe

Hapa nyumbani kwangu kulizuka mgogoro. Nilinunua alumini nene, nikaichemshia maji matupu nusu saa kama inavyotakiwa ili ndani ijitengenezee utando wa kijivu. Utando huo ndio kinga yenyewe, unazuia alumini isiingie kwenye pombe. Wiki iliyofuata nimerudi kazini nakuta sufuria inameta kama kioo. Mke wangu alikuwa na wageni, akaona aibu kuiacha vile, akaipiga stilwaya na majivu. Huwezi kumlaumu. Kwa sisi sufuria inayong'aa ni sifa ya mama wa nyumba, na sufuria ya kijivu inasomeka kama uvivu.

Tulikubaliana hivi: nje aing'arishe atakavyo, ndani nisugue mimi, kwa sponji na sabuni ya kawaida. Majivu na magadi vinakula alumini, na dawa za kuzibulia vyoo zinaitoboa kabisa. Maji yetu ya visima vya Mzakwe nayo yana chumvichumvi, unaona ukoko mweupe kwenye birika, na yakichemka ndani ya alumini yanaifanya nyeusi zaidi. Weusi huo hauna neno. Uache. Kwenye chuma cha pua cha kuepuka ni dawa ya klorini: ikilala humo usiku kucha inachimba vitundu.

Ukubwa: hapa wengi wanapunja

Watu wengi hutaka kupata lita 20 za bia, maana ndoo ni ya lita 20, hivyo wananunua sufuria ya lita 20, au 25 wakijitahidi. Haitoshi. Ili ubaki na 20 baada ya kuchemsha saa moja na zaidi, unaanza na 24 au 25, kwa kuwa mvuke unaondoka na lita tatu hadi tano, na huwezi kufunika: mfuniko unarudisha ndani harufu ya kabichi iliyochemka ambayo kimea cheupe huitoa. Halafu kuna povu. Dakika chache kabla ya kuchemka, povu linapanda ghafla, na hopsi zikiingia linapanda tena. Nafasi ya lita tano au sita juu ya maji ndiyo inayokuokoa na kuzima mkaa kwa bia. Kwa ndoo moja, sufuria ni lita 30 kwa uchache. Mimi natumia 36.

Umbo nalo lina hesabu yake. Zile sufuria pana za shughuli, za pilau la msiba, zinavutia kwa bei, lakini upana ni mvuke. Ya sentimita 45 ina uso mkubwa kwa zaidi ya nusu kuliko ya 36, na mvuke unaopotea unafuata hapohapo. Kwa hewa kavu ya Dodoma kati ya Juni na Septemba, na upepo ule, unamaliza saa nzima ukijikuta na sharubati. Kwa maji ya kimea nataka kina kikaribie upana. Kwa uji wa mtama nataka pana kidogo, mwiko uzunguke. Sufuria moja ya kazi zote mbili inakuwa katikati: upana 38 hadi 40.

Jambo la nyuzi. Kipimajoto changu cha kwanza kilikuwa kinagoma kwenye 96. Maji yanatokota, povu linaruka, kipimajoto kinasema 96. Nikakirudisha dukani kuwa ni kibovu, wakanipa kingine, nacho 96. Mji huu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, na huku maji yanachemkia hapo. Dar es Salaam yangefika 100. Nyuzi hizo nne zinafanya hopsi zitoe uchungu wake polepole zaidi, kwa hiyo badala ya dakika 60 wanazoandika wengine mimi nakwenda 80 hadi 90. Muda zaidi, mvuke zaidi, na ndiyo sababu nyingine ya kutopunja ukubwa.

Moto ulio nao

Lita 25 za maji ya bomba hadi zichemke, kisha lita nne ziondoke kwa mvuke: kwa hesabu za darasani hiyo ni nishati ya megajuli 17 hivi. Gesi ya kupikia ina megajuli 46 kwa kilo, na nusu au zaidi inapotea pembeni ya sufuria. Kwa hiyo upishi mmoja unakula kilo moja kasoro kidogo ukiwa umeziba upepo, na zaidi ya hapo ukipikia uani bila kinga. Kichanja kidogo kinachofungwa juu ya mtungi wa kilo 6 usikiamini. Sufuria iliyojaa ina kilo 30 na kitu, na kile kimetengenezwa kwa chai na maharage. Nimeona kimoja kikilala upande na sufuria yake, bahati nzuri ilikuwa bado maji ya baridi. Tafuta jiko la chini lenye miguu ya chuma, la mpira mrefu, au weka mafiga.

Kwa gesi yenye moto mpana na shayiri tupu, chuma cha pua cha wastani kinafanya kazi vizuri. Kwa mkaa au kuni, alumini nene inashinda, na kwa uji wa mtama juu ya mkaa sioni hata kama kuna mashindano. Hita ya kutumbukiza ya umeme mimi siipendi: inaunguza unga unaoigusa, na sufuria ya chuma yenye umeme ndani na mtu mwenye mikono mibichi nje ni hatari isiyo ya lazima.

Pipa

Kwenye vilabu utaliona: pipa la lita 200, limekatwa juu, limesimama juu ya mawe matatu. Kwa kiasi kile cha pombe sielewi mama muuzaji angefanyaje vingine, kwa hiyo simnyooshei kidole. Ila kwa nyumbani halina sababu. Hujui lilibeba nini kabla yako, na mafuta au dawa ya viwandani haitoki kwa kuchoma moto na kuosha mara mbili. Chuma chake kinapata kutu na kinaiachia pombe ladha ya msumari. Likiwa limepakwa zinki, kama zilivyo ndoo za bati, asidi inaiyeyusha zinki na tumbo lako litajua. Ukihitaji lita 80 au 100 kwa ajili ya harusi, azima sufuria mbili za shughuli.

Koki au jagi

Koki chini ya sufuria ni raha. Unafungua, bia inashuka kwenye ndoo kwa mpira, mashapo yanabaki. Kwenye chuma cha pua inaweza kuchomelewa, lakini iwe kwa gesi ya agoni na fundi anayejua chuma hicho. Mimi fundi alinichomelea kwa waya wa kawaida wa mageti, mwezi haujaisha pamezungukwa na kutu. Kwenye alumini usichomelee kabisa. Toboa tundu la milimita 21 kwa koki ya nusu inchi, funga kwa nati na washa za silikoni ndani na nje. Koki yenyewe iwe ya chuma cha pua. Ya shaba nyeupe au njano ikigusana na alumini ndani ya maji yenye asidi, alumini inaliwa pale kwenye mgusano.

Kama ndiyo unaanza, acha koki. Tumia jagi la chuma kuteka mpaka sufuria ibaki nyepesi, ndipo uinyanyue na mwenzako, masikio mawili, vitambaa vikavu. Wala usihangaike na mistari ya lita iliyochapwa ndani. Sufuria ya upana wa 36 kila sentimita moja ya kina ni lita moja, karibu kamili. Nimechukua mwiko wa ugali, nikauchonga mikato kwa kisu kila sentimita, ndefu kwenye kumi, ishirini na ishirini na tano. Nauzamisha wima mpaka kitako, nasoma ulipolowa. Ukinunua ya upana mwingine, mimina maji kwa chupa ya lita moja na nusu, ukichonga unavyokwenda.

Ya tatu, niliyo nayo sasa, nilimpigia shangazi simu nikiwa bado dukani. Hakuuliza bei wala rangi. Aliuliza, "Nzito?" Nikamwambia kilo nne bila mfuniko. Akanyamaza kidogo, nikasikia mbuzi wake nyuma.

"Haya, chukua. Na mwambie mkwe asiisugue."